Betri Zilizolala Kansanga

Wanaosikia tunakoishi huniuliza kwanza choo kiko wapi. Si mawimbi, si mbu, si baridi ya alfajiri: choo. Nikishawajibu hilo, wanataka kujua kama tuna umeme, na hapo mume wangu hukohoa na kutazama pembeni, maana anajua nikianza habari za betri simalizi leo wala kesho.

Tunaishi ndani ya mashua ya tanga, upande wa Ggaba, ziwani Kampala, imetia nanga mwendo wa makasia hamsini kutoka ufukweni. Nimehesabu. Mume wangu ni seremala, mtu wa Kilifi aliyekulia pale vyombo vinapoundwa, na hii aliiunda kwa mikono yake mwenyewe kwa miaka sita, kila Jumamosi, wakati tumepanga nyumba Makindye. Mimi ni wa Nakuru. Maji niliyoyazoea utotoni yalikuwa ya mtungi, na kuogelea sijui mpaka leo hii. Aliponiambia tuhamie ziwani niliapa kukaa mwezi mmoja tu, kumridhisha, kisha nirudi nchi kavu nikaishi kama watu wenye akili. Huu ni mwaka wa nne.

Wakati ule betri zilikuwa nne, zimepangwa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda chetu. Mchana sola ya juu ya paa inazijaza, nazo zinatupa taa, friji ndogo, chaji ya simu na pampu. Hayo mengine ni raha tu. Pampu ndiyo roho. Nyuma kabisa ya mashua, pale chuma cha rafadha, ile feni ya kusukuma chombo, kinapotoka kwenda nje, pana upenyo ambao mume wangu alikuwa anangoja kuutengeneza siku mashua itakapopandishwa nchi kavu. Maji huingia pale, yakajikusanya chini ya sakafu, mahali anapopaita ngama. Yakifika vidole vinne, pampu inajiwasha yenyewe, inayatema ziwani, inanyamaza. Umeme ukikatika, pampu haingurumi, na chombo kinaanza kunywa ziwa kidogo kidogo mpaka kishibe.

Basi siku moja simu ikaja kwamba mama mkwe amefariki. Mume wangu ndiye kifungua mimba, na kwao kifungua mimba ndiye mwenye msiba. Alifunga begi papo hapo. Nilipomvusha kwa kihori chetu, alishuka, akageuka, akanishika mkono.

"Betri usiziguse," akasema. "Kukiwa na shida nipigie." Kisha akaitazama mashua. "Nimempoteza mama. Nisije nikaipoteza na hii."

"Nenda ukamzike mama," nikamwambia. "Utaikuta inaelea."

Maneno ni rahisi, jamani. Siku ya tatu taa zikaanza kuwaka rangi ya chai ya rangi. Pampu ikawa inaguna badala ya kunguruma. Kumpigia? Nimpigie mtu anayechimba kaburi la mamake nimwambie habari za betri? Niliona haya. Lakini nisijifanye malaika: kulikuwa na ujuaji pia. Sisi Wakenya tukifika Kampala hujiona tumekuja kuwafundisha watu haraka. Nilikuwa nimemwona akipima kwa mita, nikafunua sanduku, nikaona ile betri ya mbele imevimba ubavu. Nikasema, aha, mgonjwa ni huyu. Jino likioza si unang'oa hilo hilo moja?

Nikaenda mjini nikanunua betri moja mpya, nzito kama dhambi. Nikaivusha kwa kihori, nikaifunga kwa spana yake, na taa zikawaka weupe mpaka nikacheza peke yangu kitandani. Nikamtumia ujumbe: "Huku shwari." Usiku ule nililala kama mtoto aliyenyonya.

Siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu nilishusha mguu kutoka kitandani, nikakanyaga maji.

Nilipiga ukelele hata sijui nilikuwa namwita nani. Nikainua mbao za sakafu, vitunguu vyangu vinaogelea huko. Betri zote, na ile mpya pamoja, zimekufa ganzi. Ipo pampu ya mkono, ya mpini mrefu, ambayo mume wangu aliiweka kwa siku mbaya, nami nilikuwa nikiicheka. Nikaishika. Mimi ni mpika chapati katika kantini moja ya wanafunzi kule Kyambogo, mikono hii inakanda gunia la unga kwa wiki, na siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa kila chapati niliyowahi kusukuma. Nilivuta mpini ule mpaka bega likawaka moto. Ngama ilipokauka nikaangalia saa, nikakadiria: nina saa sita kabla maji hayajafika tena kwenye sakafu. Kwenda Kyambogo, kufanya kazi na kurudi si chini ya saa kumi. Nikampigia bosi nikamwambia nina mgonjwa nyumbani, wala sikuona kama ninadanganya.

Ufukweni, mwenye boda aliponiona nashusha betri nne akashika kichwa. "Banange! Nyabo, hizo peleka Kansanga, kwa Mama Mukongo. Yeye iko na akiri ya betri kuliko wanaume wote." Tukazipeleka mbili mbili, safari mbili, mimi nimezikumbatia nyuma na yeye akilalamika kwamba tutaanguka.

Mama wa betri alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya safu ya mabaa, ambako muziki hulia hata asubuhi kweupe. Mwanamke wa makamo, kitenge cha buluu, juu yake aproni ya mpira, miwani ya plastiki imepandishwa kwenye kilemba. Alikuwa akinyunyiza magadi juu ya meza iliyomwagikiwa asidi, na povu linachemka. Nikaingia kwa kishindo cha mtu anayehesabu saa.

"Mama, betri hizi nazitaka leo saa kumi."

Akaendelea kufuta meza. Alipomaliza akaniangalia, akatabasamu. "Mama, bonjour. Umeamka muzuri?"

"Nimeamka."

"Na bwana?"

"Yuko msibani."

"Pole sana. Ni nani alienda?" Nikamwambia. Akavua glavu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza marehemu aliugua nini, amezikwa lini, aliacha watoto wangapi. Mimi nakanyaga huku na huku kama niliyebanwa na haja. Mwisho akavaa glavu zake. "Bon. Sasa tuone wagonjwa."

Kusema kweli, hapo ndipo hasira zangu zilipoanza kupungua, kwa sababu sijaona mtu akifanya kazi vile. Alifungua vifuniko kimoja kimoja, sita kwa kila betri. Akanusa kila tundu. Akachovya bomba la kioo lenye kijiti kinachoelea ndani, akavuta asidi kidogo, akaliinua kwenye mwanga, akaangalia kijiti kimepanda wapi, akairudisha asidi tundu lile lile ilikotoka, bila tone kuanguka. Kisha chaki: namba ubavuni mwa betri. Matundu ishirini na manne, hakuruka hata moja. Mimi nikipika chapati ishirini na nne, ya ishirini huwa tayari nimeshaanza kulipua.

Alipofika kwenye ile mpya akasimama. "Huyu mupya, ni nani alimuweka pamoja na hawa wazee?"

"Mimi."

"Ulitaka kumuua?" Hakusema kwa ukali. Akanionyesha kwa kidole. "Hawa wazee wamechoka. Mutoto akiingia katikati yao, wananyonya nguvu yake. Mchana sola inamulisha, usiku wananyonya. Siku mbili, tatu, na yeye anakuwa muzee."

Nikauliza sasa itakuwaje. Akasema leo zitakula umeme, polepole, kesho zitalala, kesho kutwa ataniambia nani mzima na nani wa kuzika.

"Kulala?" nikaruka. "Mama, mashua yangu inazama! Zikijaa si nizichukue?"

"Mutu mwenye ametoka kula sasa hivi, ukimuuliza kama iko na njaa, atasema nini? Atasema hapana, nimeshiba. Hata kama ni mugonjwa. Betri yenye imetoka kuchaja ni vile vile, inakudanganya. Muache alale, muulize kesho. Kesho atasema ukweli."

Nilitoka pale nikisonya barabara nzima.

Siku hiyo na usiku wake nilivuta mpini. Kila saa sita. Nilijifunza kwamba mkono wa kulia una uvumilivu kuliko wa kushoto, na kwamba mtu anaweza kuvuta maji huku amesinzia. Mume wangu alipiga simu, sauti imekauka, akauliza kukoje. Nikasema shwari. Nikamuuliza kwao kukoje. Akasema tuko sawa. Waongo wawili kwenye laini moja.

Asubuhi ya pili ikanyesha. Mvua ya Kampala haibishi hodi: ilimwagika, sola ikawa kigae tu, na maji sasa yakawa yanaingia kutoka chini na juu. Zile saa sita zikawa tatu. Maji yalikuwa yamezidi unga, mwenzangu, na bosi naye kashapiga simu mara mbili. Nikaikausha ngama, nikavuka kwa kihori nimelowa chepechepe, nikapanda boda mpaka Kansanga, na safari hii sikusema hata hujambo.

"Nipe betri zangu."

Zilikuwa juu ya ubao, zimetengana, kila moja imefunikwa kitambaa kama mgonjwa kweli. Nikaona mita mezani, nikaikamata mwenyewe, nikagusa ile nzee iliyoandikwa namba mbili. Mita ikasoma vizuri, imejaa. "Si hii hapa! Imejaa! Nipe hii moja tu niwashe pampu niende kazini, au unataka niharibikiwe kabisa?"

Nilikuwa nimepaza sauti hata wa baa ya jirani wakachungulia. Yeye hakubisha. Akaifunua betri ile, akaisogeza mbele yangu. "Ni yako. Chukua. Lakini kunywa chai kwanza, umelowa."

Akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Halafu akachukua taa ya gari yenye nyaya mbili, akaibana kwenye vichwa vya betri ile. Taa ikawaka kali, nikamtazama kwa jicho la unaona sasa. Akakaa kwenye kigoda. Nami nikakaa juu ya ndoo, nikawa nanywa. Kabla sijafika nusu ya kikombe ule mwanga ukawa wa njano. Nilipobakisha machicha ya tangawizi ukawa mwekundu, uzi tu ndani ya kioo. Kisha ukazima.

Nilijiona. Nilijiona nimefunga betri ile, pampu imenguruma, nimecheka, nimefunga mlango, nimekwenda Kyambogo kupika chapati mia. Na saa tisa alasiri pale kwenye nanga yetu pangebaki mlingoti unachungulia juu ya maji. Nikaweka kikombe chini.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Unasamehewa nini? Unaogopa. Mutu mwenye anaogopa anakuwa na haraka." Akachukua kikombe, akaongeza chai. Akanieleza kwamba kwao Goma, alikokuwa akichajia watu simu na mashine za kunyolea, umeme ulikuwa unakuja kama mgeni, watu wanaishi kwa betri, na fundi anayesema betri ni nzima hali si nzima hamdanganyi mteja mmoja tu. Anadanganya nyumba nzima iliyo gizani ikimngoja. "Mimi sisemi mpaka imelala. Hata ukinitukana."

Kesho yake, kama alivyoahidi, akatoa hukumu: wazee watatu walikuwa wa kuzika. Akawachukua kwa ajili ya madini ya risasi yaliyomo ndani. Yule mchanga alikuwa ameumia lakini bado ana uhai. Mama akamwamsha kwa umeme mdogo mdogo, kisha akanitafutia wenzake wawili: kampuni ile ile, ukubwa ule ule, mwezi ule ule wa kutengenezwa, aliusoma kwenye alama zilizochongwa juu. Alizunguka maduka matatu kwa mguu, akazikataa mbili kwa sababu zilikuwa zimekaa rafuni muda mrefu. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuinua. Akanizuia.

"Kwanza zisalimiane."

Akaziunganisha zote tatu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, akaziacha hivyo mpaka kesho yake, ili mwenye nguvu nyingi ampe mwenye chache na zote ziwe sawa kabla hazijapewa kazi. Mimi safari hii sikusonya. Nilirudi kwenye mpini wangu, nikavuta usiku mwingine, na kila nikivuta nilikuwa namfikiria yule mama na chaki yake, nikiona kama moyo wangu umepata mahali pa kuegemea.

Asubuhi alikuja mwenyewe na betri zote tatu. Sikujua kwamba anaogopa maji mpaka nilipomwona kwenye kihori. Alishika kingo zote mbili, akafumba macho, akawa anamwita Yesu kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, makasia yote hamsini. Nikamwambia angenielekeza tu kwa simu ningefunga. "Hapana," akasema, macho yamefumbwa. "Ulishafunga mara moja."

Akapiga magoti kwenye sanduku la betri, akazipanga kama nilivyomwonyesha zilivyokuwa, akaangalia nyaya za mume wangu, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitikisa kichwa. Waya mwekundu na mweusi wa kwenda kwenye pampu na taa, zote mbili, zilikuwa zimefungwa kwenye betri moja, ile ya mbele. Nyingine zilikuwa zimeunganishwa nyuma yake.

"Unaona? Huyu wa mbele, yule mwenye ulimutoa, ndiye alikuwa anafanya kazi ya ndugu zake wote. Kazi ikija, inaanza kwake. Wenzake wanasaidia kidogo tu. Kwa hiyo amekufa wa kwanza." Akaacha mwekundu kwenye betri ya mbele, akahamisha mweusi mpaka ile ya mwisho. "Sasa kazi inapita kwa wote watatu. Wote wanabeba."

Waya mmoja. Kuuhamisha tu, mwendo wa mkono mmoja. Pampu ikanguruma sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu tuhamie ziwani, ikayamaliza maji yote ya ngama kwa muda ambao ungetosha kugeuza chapati mbili. Nikamkumbatia na aproni yake na asidi yake. Wakati wa kurudi ufukweni alifumbua jicho moja.

Mume wangu alirudi wiki iliyofuata. Nilimvusha, alikuwa amekonda, vumbi jekundu la kwao bado liko kwenye viatu.  Alipanda na begi begani, akainua ubao wa sakafu, akainama. Maji ya ngama yalikuwa bado hayajafika vidole vinne. Akachovya mkono, akautazama. Kisha akaenda kitandani, akanyanyua godoro, akafunua sanduku.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maana niliambiwa nisiguse. Akazitazama zile betri tatu, zimeandikwa namba za chaki. Akafuata waya mweusi kwa kidole mpaka mwisho.

"Waya huu umehama."

"Umehama."

"Nani?"

Nikamweleza yote kwa pumzi moja: betri niliyonunua, vitunguu vilivyoogelea, taa iliyozima kabla ya chai, Mama wa Kansanga na woga wake wa maji. "Amesema ulivyofunga wewe, ile ya mbele ilikuwa inafanya kazi ya ndugu zake wote," nikasema. "Wenzake walionekana wazima kwa sababu yeye alikuwa anawabebea. Ndiyo maana ikafa ya kwanza."

 Aliketi kwenye ukingo wa sanduku, mkono bado umeshika waya. Kwao wamezaliwa sita. Shangazi yake alikuwa ameshanipigia simu akaniambia jeneza ni yeye, chakula ni yeye, kugombana na wazee wa ukoo kuhusu mahali pa kaburi ni yeye, na kwamba mama aliposhushwa yeye peke yake hakulia, kwa sababu alikuwa anatafutia wageni viti. Sasa nikaona mabega yake yanaanza kucheza. Akaachia waya, akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwa mwanamume, akimwita mama, mama, mama.

Chini ya miguu yetu pampu ikajiwasha, ikatema maji yake, ikanyamaza. Nikaketi karibu naye kwenye ukingo wa sanduku, nikamshika.

"Lia, baba," nikamwambia. "Lia tu. Mimi niko, na pampu inafanya kazi."